Kipimo cha Moyo: Hakuna Shoti

Wengi wakiona zile nyaya za ECG huogopa kupigwa shoti. La. Mashine haiingizi umeme mwilini. Husoma ule mdogo ambao moyo wenyewe hutoa unapodunda.

Mgonjwa hulala chali, kifua wazi, akabandikwa vibandiko 10: sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Atulie, asiongee. Ni dakika chache tu. Asubuhi hiyo asijipake mafuta, vibandiko havitashika. Mwanamke aweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake.

Lakini moyo unaoenda mbio usiku huenda ukaonekana shwari mchana kwenye karatasi. Asinyamaze, amweleze daktari; kuna mashine ndogo ya kuvaa saa 24 nyumbani.

Anayezimia au kubanwa kifua asingoje tarehe ya kipimo. Apelekwe Mama Lucy Kibaki, au hospitali iliyo karibu zaidi, saa hiyo hiyo.