Gari Lililododa Yadi

Msikilizaji, unakwenda yadi kununua gari? Kabla ya kuuliza bei, uliza: gari hili limekaa hapa muda gani?

Gari lililododa ni mtaji uliolala. Muuzaji anataka litoke, hasa Desemba, maana mwaka mpya ukiingia gari nalo linahesabiwa limezeeka. Hapo una nguvu ya kushusha bei.

Lakini nenda na fundi wako, si fundi wa yadi. Gari likisimama muda mrefu, betri hufa na matairi hupata nyufa kwa jua. Gharama za kuvibadilisha zitoe kwenye bei. Na usionyeshe kwamba umelipenda. Muuzaji anasoma uso.

Kwanza muda, ndipo bei. Usilipe hata shilingi kabla ya kuhakiki kadi ya gari kwa mamlaka ya mapato, TRA.