Kitabu cha Mahafali: Maneno ya Kujua Kabla ya Kwenda kwa Mchapaji

(Mada iliyotolewa kwa walimu walezi na kamati za uhariri za shule za sekondari)



Kitabu cha mwaka wa shule ni desturi iliyoshamiri hasa Marekani, na sasa baadhi ya shule zetu hukitoa wakati wa mahafali. Kwa kuwa wazazi ndio wanaokichangia, tumeona vema tuelewane juu ya maneno matano ya kazi hii. Asiyejua lugha ya mchapaji hulipia asichokitaka.

La kwanza ni orodha ya kurasa. Hili ni jedwali linaloonyesha kila ukurasa utabeba nini. Liandikwe kabla ya kupiga picha. Kidato cha nne kikiwa na wanafunzi 90, na kila ukurasa ukibeba sura 12, zinahitajika kurasa 8. Walimu, michezo na kwaya navyo vipewe nafasi zao.

La pili ni signecha. Mashine kubwa huchapa kurasa nyingi kwenye karatasi moja, pande zote mbili, kisha karatasi hukunjwa. Mara nyingi hutoka kurasa 16. Hata kijitabu cha kupigwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mkipanga kurasa 30 mtalipia 32. Hizo 2 zipangieni kazi mapema, kwa mfano nafasi ya marafiki kuandikiana.

La tatu ni kurasa zinazotazamana. Msomaji huziona kwa pamoja, kwa hiyo zipangwe kwa pamoja. Uso wa mtu usikae kwenye mkunjo wa katikati, utamezwa. Picha inayofika ukingoni ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, ili kisu kisiache ufito mweupe.

La nne ni ubora wa picha, yaani nukta 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa inchi 6 inahitaji nukta 1,800. Picha zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora; zitumwe kama dokumenti au ziletwe kwa flashi.

La tano, na ndilo kubwa, ni prufu. Hii ni nakala ya kukagua ambayo shule huitia sahihi kabla ya kuchapa. Baada ya sahihi hiyo, kosa lililoachwa humo ni la shule, na kurudia ni gharama mpya.

Hapa ndipo tunapowaomba sana. Kila mwanafunzi asome jina lake na kuweka alama, kisha mwalimu alilinganishe na rejista. Aliyekuwa mgonjwa siku ya picha, au aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, atafutwe. Mzazi asiyetaka picha ya mwanawe itoke aheshimiwe. Lakini asikosekane mtoto kwa uzembe wetu. Ziko nyumba ambamo kitabu hiki kitakuwa picha pekee ya ujana wake, na asipoonekana humo, ni kama tumeandika kwamba hakusoma nasi.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na mahafali huutangulia. Anzeni na orodha ya kurasa muhula wa kwanza, ili prufu isomwe bila haraka.