Thumuni ya Ekari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kondele)



Nimeombwa kusema juu ya shamba dogo. Mimi ni mtu wa reli, si mwalimu wa ukulima. Basi nitasema yale niliyojifunza kwa kukosea.

Kiwanja changu ni futi 50 kwa 100, yaani karibu thumuni ya ekari, na nyumba imo humo humo. Mwaka wa kwanza nilipanda mahindi kila mahali, nikadhani nimeagana na duka. Ndugu, tufanye hesabu. Ekari nzuri ikitoa magunia 16, thumuni nzima hutoa 2. Hapa Kenya mtu mmoja hukadiriwa kula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Kwangu tuko sita. Kabla ya Krismasi nilikuwa dukani, tena kwa deni.

Mama mmoja jirani akanicheka, akasema, "Shemeji, mahindi ni ya mwenye ekari. Wewe panda kile unachonunua kila jioni." Kumbe ni mboga: sukuma wiki, osuga, dek, apoth na kunde.

Kazi yenyewe ni hii. Chimba tuta kwa kina cha futi mbili, udongo ukiwa na unyevu kidogo, usiwe tope. Udongo wa juu uweke kando, ule wa chini ulegeze kwa uma, kisha rudisha wa juu pamoja na samadi iliyooza. Chuo cha Manor House karibu na Kitale kimewafundisha wakulima njia hii tangu miaka ya 1980. Baada ya hapo usikanyage tuta.

Tena usipande lote siku moja. Mimi nilifanya hivyo. Mboga zikakomaa kwa wiki moja, nyingine zikaliwa na mbuzi, na mwezi uliofuata nikanunua. Panda mstari mmoja kila wiki mbili. Sukuma wiki chuma majani ya chini, uache ya juu yakue. Maji ya kuoshea mboga yamwage tutani. Kuku wachache wape mabaki ya jikoni na vumbi la omena. Samadi yao irudi shambani baada ya kuoza.

Aliyepanga chumba ajaze gunia udongo na samadi, atoboe mashimo ubavuni, apande humo.

Unga bado nanunua, sitawadanganya. Lakini mboga na mayai sikopi tena.

Sasa neno la chama. Zamani waajiri walisema Mwafrika alipwe kidogo kwa kuwa mkewe analima nyumbani. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 iliona kwamba wengi walilipwa kama watu wasio na mke wala watoto, ikashauri mshahara wa kutosha jamaa. Basi mtu asije akatuambia, "Una sukuma wiki, nyongeza ya nini?" Jasho la jioni ni letu, na la mchana lilipwe kamili.

Mshahara ukichelewa, mwenye tuta hula. Asiye nalo humwendea mkopeshaji, na mwenye deni huogopa kusema mkutanoni. Kwa sababu hiyo nawaomba, kabla ya mvua ya Machi, kila mmoja achimbe tuta moja.

Umoja ni nguvu.