Leo Ameshika Kijiko

  Leo sina mgeni wa kumhoji. Nitazungumza mwenyewe, kwa sababu habari ya leo inatoka nyumbani kwangu, na nimekaa nayo muda mrefu kwa aibu.

Wengi mnaijua sauti yangu. Nilizaliwa hapa hapa Nyarugusu. Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi akafika Kigoma wakati kambi hii bado changa, maana ilifunguliwa mwaka 1996. Jambo ambalo wengi hamlijui ni kwamba nina mtoto wa kiume wa miaka 4, na mtoto huyo ana mtindio wa ubongo. Nilimficha karibu miaka 2. Siku ya mgao nilimwacha ndani na mdogo wangu. Mgeni akibisha hodi, nilimfunika kitenge nikasema amelala. Mimi, ambaye kila wiki nilikuwa nawaambia ninyi hapa redioni msifiche watoto wenu!

Uchungu wake ulikuwa mrefu, na alipotoka hakulia. Alilia baadaye, kidogo, kama paka. Kliniki niliwakuta watoto waliozaliwa wiki moja naye wameketi kwenye mkeka wanagombania vifuniko vya chupa, na wangu shingo haijakaza. Mtoto kwa kawaida hukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi 9 au karibu na hapo, na wengi hutembea kabla ya miezi 18. Wangu aliipita 9, akaipita 18, bado yuko mgongoni. Bibi mmoja jirani alisema ni deni la ukoo. Mwingine akasema nilikula kitu kibaya nikiwa na mimba, ila hakusema ni kitu gani, na kwa mgao wetu ule sijui ningekichagua wapi.

Nikueleze tulivyoelezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ubongo wa mtoto umepata jeraha: akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa, au akiwa mdogo sana. Inaweza kuwa alikosa hewa, au alipata umanjano mkali siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Haiambukizi, hata mwanao akinywa kikombe kimoja na wangu. Jeraha lenyewe haliongezeki, na mtoto anaweza kujifunza, ila kwa mwendo wake.

Halafu yule mtaalamu akaniuliza, "Mama, kuna kitu gani mwanao anafanya leo ambacho wiki iliyopita alikuwa hakifanyi?" Nikajibu hakuna. Akaniambia niende nyumbani, nimwangalie siku 7, niandike kwenye daftari.

Siku ya kwanza sikuandika kitu. Ya pili sikuandika kitu. Ya tatu, baba yake alikohoa nje wakati anatua kuni, na mtoto akageuza uso kuelekea mlangoni. Nikajiuliza, hili nalo ni la kuandika? Nikaandika. Jioni nilipomsomea baba yake, alinyamaza, akatoka nje, akakohoa tena makusudi. Mtoto akageuka. Alikohoa usiku ule mpaka jirani akauliza kama ana kifua.

Toka siku hiyo nyumba yetu ilibadilika, na ndiyo sababu nazungumza nawe leo. Tulikuwa tunangoja siku moja kubwa, atembee, ndipo tufurahi. Kumbe tulikuwa tunapita juu ya siku nyingi bila kuziona. Chukua kijiko. Wewe ukisema mtoto ameshika kijiko, unahesabu jambo moja. Kwa wangu yalikuwa matano: kukitazama, kunyoosha mkono, kufungua vidole vilivyokuwa vimekunjwa ngumi tangu azaliwe, kukibana, na kukipeleka mdomoni. Kutoka la kwanza hadi la tano ilichukua miezi 11. Ukingoja la tano peke yake, utakaa miezi 11 bila furaha, na mtoto naye atakaa miezi 11 bila kusikia kwamba anafanya vizuri.

Siku alipofungua vidole nilipiga vigelegele. Majirani wakaja mbio na maji mikononi wakidhani jiko limewaka, wengine wakiuliza nani ameposwa. Nikasema, "Amefungua mkono!" Walitazamana. Mama wa mapacha, wa nyumba ya tatu, ndiye wa kwanza kucheka, akapiga vigelegele naye. Tulikuwa na sukari robo kikombe. Tukachemsha chai, tukagawana maandazi mawili watu tisa. Ndiyo siku majirani wengi walimwona mwanangu kwa mara ya kwanza.

Usidhani nakuambia mambo yanapanda tu. Mwaka jana alipata malaria, akalala wodini siku 6, na aliporudi shingo imelegea tena na kijiko hakitaki. Nilitaka kulitupa lile daftari. Baba yake akalifungua nyuma, akaanza kusoma: alianza hivi, akaenda hivi. Tukarudi mwanzo, na mara hii ilichukua wiki 7. Bila daftari nisingejua kwamba ni wiki 7. Ningesema amerudi sifuri. Mtaalamu naye hulisoma kila tukienda, kwa sababu yeye humwona mtoto dakika chache, sisi tuko naye mchana na usiku. Kama hujui kuandika, mpe kazi hiyo mtoto wako anayesoma shule. Au funga fundo kwenye kamba, mradi ukumbuke kila fundo ni la nini.

Kuna mambo mawili matatu ya mkono niliyojifunza, ninayotaka uyashike. Usimlishe mtoto kama huyu akiwa amelala chali au kichwa kikiwa nyuma. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mkalishe wima, kichwa kielekee mbele kidogo, mpe kidogo, ngoja ameze. Inachosha, najua, na uji unapoa. Miguu ikiwa inakakamaa na kupishana kama mkasi, mbebe mgongoni au kiunoni miguu ikiwa imepanuka, kama mama zetu walivyotubeba. Kiti si lazima kije na gari la msaada: baba yake aliunda chake kwa kugandisha maboksi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya uji wa unga, akaacha kikauke juani. Na kama mtoto ana kifafa na amepewa dawa, usizikatishe kwa sababu umeona amepoa. Rudi kituo cha afya kwanza.

Tena msifu papo hapo, kwa jina la jambo lenyewe. "Umeshika kijiko!" Ukisubiri jioni, hatajua unamsifia nini.

Kila tarehe 20 Juni tunapiga ngoma uwanjani kwa Siku ya Wakimbizi, na tarehe 3 Desemba kwa Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Napenda ngoma hizo, mwaka jana nilitangaza mimi. Mwaka huu tutakwenda watatu, na mtoto atakaa mbele, kwenye kiti chake cha maboksi.

Leo asubuhi, kabla sijatoka kuja studio, nilikuwa namimina maji kwenye kikombe. Mtoto akanitazama, akasema "ma". Baba yake anasema alitaka kusema maji. Mimi nasema alikuwa ananiita. Tumebishana mpaka nikachelewa, mwishowe tumeandika yote mawili na alama ya kuuliza.

Wewe je, wako amefanya nini wiki hii? Mwandikie mtangazaji wako, au mwambie kiongozi wa kikundi cha wasikilizaji kijijini kwako, nitasoma hapa wiki ijayo. Usisahau kutaja siku. Kwaheri kwa sasa.