Bunduki Ikishawekwa Chini

Ndugu msikilizaji, vita vinapokwisha wakubwa hutia saini, hupeana mikono na kupigwa picha. Mtoto aliyebebeshwa bunduki hayumo katika picha hiyo. Yeye hubaki na swali moja tu: nyumbani watanipokea?

Juma hili tuitazame Sierra Leone. Vita vya nchi hiyo vilianza Machi 1991, vikatangazwa kwisha Januari 2002. Watoto zaidi ya 6,800 waliotoka katika vikosi vya pande mbalimbali waliandikishwa katika mpango wa kusalimisha silaha. Wengi walikuwa wametekwa. Wapo waliolazimishwa kuwadhuru jamaa na majirani zao wenyewe, ili wasiwe na pa kurudi.

Sasa fikiri. Ukimpa mtoto huyo sare, madaftari na karo, na mwenzake aliyechomewa nyumba asipate hata penseli, umefundisha nini? Umefundisha kwamba bunduki inalipa. Ndiyo maana nausifu mpango mmoja uliosaidiwa na UNICEF huko: shule iliyokubali kumpokea mtoto aliyetoka vitani ilipewa vifaa vya kutumiwa na wanafunzi wote. Mtoto yule hakuja mikono mitupu. Hata mzazi mwenye kinyongo alipata sababu ya kumvumilia.

Lakini palikuwa na dosari kubwa. Katika hao walioandikishwa, wasichana hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Kwa nini? Kwa sababu aghalabu tiketi ya kuingilia ilikuwa bunduki. Wasichana wengi walikuwa wapishi na wapagazi, wakafanywa "wake" wa wapiganaji kwa nguvu. Silaha ya kusalimisha hawakuwa nayo. Wakarudi makwao kimyakimya, wengine na watoto mgongoni, wakapokewa kwa masimango.

Miye nasema somo hilo linatuhusu. Mashariki ya Kongo, jirani zetu hawa, wako watoto katika makundi ya wapiganaji hata leo. Siku amani itakapopatikana, swali la kwanza lisiwe nani alishika bunduki. Tuulize ni kijiji gani kimeumia, na shule yake inahitaji nini. Mtoto hapelekwi kwa fundi peke yake kama redio mbovu. Mtoto huponea miongoni mwa watu, na watu hao nao wana majeraha yao.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.