Keki ya Jemu na Herufi Ndogo: Una Haki ya Kujua Mtoto Wako Anakula Nini

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wazazi baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mama zangu, baba zangu, na wewe unayesoma haya kwenye simu yako. Kama una mtoto wa shule nyumbani, hebu kaangalie mkoba wake kwanza. Huenda ukakuta chini kabisa, pamoja na makombo na penseli iliyovunjika, karatasi ya keki ndogo ya dukani. Zile za pakiti moja moja, zenye picha ya stroberi kubwa nyekundu inayong'aa mbele, na ndani kuna jemu. Itoe hiyo karatasi, inyooshe, ushike mkononi. Tutaisoma pamoja.

Mambo haya yalianza na mama mmoja aliyekuja ofisini kwetu na karatasi kama hiyo. Hakuja kwa kesi ya polisi wala ya kitambulisho, ambazo ndizo tumezizoea. Aliniuliza, "Mwalimu, hii E471 ni nini? Kwenye grupu la WhatsApp wameandika ni nguruwe. Na mwanangu anakula hii kila siku." Nikamwambia ukweli: huenda ni kweli, huenda si kweli, na hiyo karatasi haitakwambia. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa mara mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma pakiti kama mtu anayesoma mkataba wa shamba.

Niseme mapema, mimi si shekhe wala si mtaalamu wa vyakula. Kazi yangu ni haki za raia. Lakini jambo hili liko pale pale ambapo dini, afya na haki zinakutana, yaani kwenye mdomo wa mtoto.

Basi tuanze na orodha ya viungo. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba orodha hupangwa kwa uzito. Kilicho kingi zaidi kinatangulia, kilicho kidogo kinakuja mwisho. Kwa keki ya jemu, mara nyingi utakuta unga wa ngano, sukari na mafuta viko mbele. Halafu kuna sehemu ya jemu yenyewe, na hapa ndipo unapoanza kucheka au kulia. Jemu ya stroberi ya keki nyingi za aina hii huanza na sukari au sharubati ya glukosi, kisha maji, kisha rojo la tunda. Na tunda lenyewe mara nyingi ni tofaa, kwa sababu tofaa ni rahisi na lina uzito mzuri wa kushikana. Stroberi, kama ipo, ni kidogo sana. Wekundu unatoka kwenye rangi na harufu inatoka kwenye chupa. Kule Marekani mwaka 2021 walaji waliishtaki kampuni ya Kellogg wakisema Pop-Tarts za stroberi zina matofaa na mapeasi ndani. Hawakushinda, lakini angalau swali liliulizwa mahakamani.

Sasa sukari. Tafuta lile jedwali dogo la lishe na uangalie hesabu ya kila gramu 100. Tuseme imeandikwa gramu 35 za sukari, na keki yako ina uzito wa gramu 40. Hiyo ni gramu 14, kama vijiko vitatu na nusu vya chai. Mtoto akila mbili, ambayo ndiyo kawaida, ni gramu 28. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ni vizuri zaidi mtu mzima asipite kama gramu 25 kwa siku za sukari ya kuongezwa. Mtu mzima, jamani. Na hapo mtoto hajanywa soda wala chai ya jioni.

Kuna swali naulizwa sana: mbona keki hii inakaa miezi dukani, na mkate wa mayai niliopika nyumbani unaota ukungu siku ya tatu? Watu wanadhani ni sumu. Si sumu. Ukungu unahitaji maji ili uote, na hawa wanayafunga yale maji. Sukari nyingi inayashika, na glaiseroli, ile E422, nayo inayashika. Wanaongeza vihifadhi kama E202 ndani ya jemu na E282 ndani ya keki, kisha pakiti inazibwa vizuri. E202 na E282 zimechunguzwa miaka mingi na zinaruhusiwa kwa viwango maalumu. Simtishi mtu kwa hizo. E330 ni asidi ya limau, E440 ni pektini inayotoka kwenye maganda ya machungwa na malimau na kwenye masalio ya matofaa. E500 ni magadi ya kuumulia, yale yale uliyonayo jikoni. Ile orodha inayozungushwa kwenye simu kwamba kila E ni nguruwe ni uongo, na Muislamu kusambaza uongo kwa nia njema bado ni kusambaza uongo.

Lakini kuna zile ambazo swali la yule mama ni la haki kabisa.

E471 ndiyo ya kwanza. Hii ni mafuta yaliyovunjwa na kuundwa upya ili yaweze kushikana na maji. Ndiyo inayofanya keki iwe laini, isikauke mapema. Inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mawese au soya. Inaweza pia kutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe. Na namba ni ile ile! Kiwanda kinachotumia mawese kinaandika E471, na kinachotumia mafuta ya nguruwe kinaandika E471. Namba inakuambia kazi ya hicho kitu, haikuambii kimetoka wapi. E475 na E481 nazo zina shida hiyo hiyo.

Ya pili ni jelatini. Hii hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na duniani nguruwe ni chanzo kikubwa. Mara nyingi haiko kwenye jemu, kwa sababu jemu hushikwa na pektini. Iangalie zaidi kwenye keki zenye krimu nyeupe ya kuvutika au sukari iliyogandishwa juu. Ikiandikwa "gelatine" tu, huna njia ya kujua. Na hata ikiwa ya ng'ombe, swali la nani alichinja na vipi bado lipo.

Ya tatu ni E120, rangi nyekundu inayotolewa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye mimea ya dungusi, sana sana kule Peru. Wadudu hukaushwa na kusagwa. Sisi wengi hapa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na msimamo unaojulikana ni kwamba wadudu hawaliwi. Wamaliki wana maneno yao. Vile vile kuhusu jelatini, wako wanazuoni wanaosema kitu kikibadilika kabisa hukumu yake hubadilika, na wako wasiokubali. Hayo muulize shekhe wako. Lakini shekhe wako atatoa fatwa gani kama yeye mwenyewe hajui kilichomo? Ile hadithi ya Nu'man bin Bashir kuhusu mambo yenye shaka baina ya halali na haramu tunaijua tangu chuoni. Hapa shaka yenyewe imetengenezwa na mtu aliyeamua kutoandika neno moja.

Neno moja tu. "Vegetable." Viwanda vingine vinaliandika, na nafasi kwenye karatasi haikuwaishia.

Kwa keki zinazoletwa kutoka nje, angalia pia neno "shortening" peke yake, au "animal fat". Twinkies za Marekani, ambazo baadhi ya jamaa zetu huleta kwenye sanduku kama zawadi, zimekuwa zikitajwa kuwa na mafuta ya ng'ombe kwenye lebo yake. Sisemi ni haramu au halali. Nasema ukipokea zawadi, geuza pakiti.

Rangi za kutengenezwa ni jambo la afya zaidi kuliko la halali. E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Tangu Julai mwaka 2010, Umoja wa Ulaya unalazimisha chakula chenye rangi mojawapo ya hizi sita kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Kwa hivyo viwanda vingi huko vilizitoa vyenyewe, maana nani anataka onyo kama hilo kwenye pakiti yake? Pakiti nilizoshika mimi hapa Mombasa, zenye E102 na E122, hazina onyo lolote. Mtoto wa Ulaya na mtoto wa Majengo wana ubongo tofauti?

Sasa tuje kwenye haki, maana ndiyo ilituleta.

Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa anayonunua, na haki ya kulindwa afya yake. Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari iliyo kwa serikali, na pia habari iliyo kwa mtu mwingine kama inahitajika ili kulinda haki yoyote. Ziunganishe hizo tatu uone. Ukiuliza E471 yenu inatoka wapi, huombi fadhila.

Na lugha je? Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yule mama anasoma Kiswahili vizuri, na Qur'ani anaisoma. Lakini viungo vimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, kwa herufi za ukubwa wa chungu, nyeupe juu ya rangi ya manjano. Picha ya stroberi ndiyo imeandikwa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa.

Wengine mtaniambia, si tuangalie tu alama ya halali? Ndiyo, iangalie. Kenya Bureau of Halal Certification wanakagua na kutoa vyeti, na bidhaa za nje huja na alama za nchi zao. Lakini hakikisha cheti ni cha bidhaa hiyo, maana kiwanda kinaweza kuwa na cheti cha biskuti na keki isiwemo. Na alama ya halali haikuambii chochote kuhusu vijiko vya sukari. Qur'ani katika Sura al-Baqara, aya ya 168, imeweka mambo mawili pamoja, halali na kizuri. Sisi tumelishika la kwanza, hilo la pili tumewaachia madaktari.

Naomba pia msimvamie mwenye duka. Nimesikia vijana wamekwenda kumpigia kelele mzee wa kioski kwamba anauza haramu. Yule mzee ananunua katoni kwa muuzaji wa jumla, anapata faida ya shilingi chache, na hata miwani ya kusomea hana. Swali liende kwa aliyetengeneza au aliyeagiza. Jina na anwani yake yako kwenye pakiti. Kama hayako, hiyo yenyewe ni sababu ya kupeleka malalamiko kwa shirika la viwango, KEBS.

Sisi tulijaribu. Tuliandikia kiwanda kimoja, sitakitaja, tukauliza maswali matatu: E471 yenu inatokana na mafuta gani, rangi nyekundu ni ipi, na ladha imeyeyushwa kwa nini, kwa alkoholi au kwa kitu kingine. Jibu la kwanza lilikuwa la kuturidhisha kwa maneno matamu, kwamba bidhaa zao zote zimeidhinishwa. Hatukuuliza hilo. Tukaandika tena. Safari hii tukapigiwa simu, dada mmoja mwenye adabu sana akasema ni mawese. Tukamshukuru, tukamwomba aandike. Mpaka leo tunasubiri karatasi. Huenda ni mawese kweli, na mimi nadhani ni mawese, kwa sababu ndiyo rahisi zaidi. Lakini siwezi kusimama mbele yenu na kusema "nadhani" kuhusu chakula cha watoto wenu.

Kwa hivyo tunaandika barua ya tatu. Hii itataja Ibara ya 35 na ya 46, na nakala itakwenda KEBS pamoja na ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kuuliza kiwango kinataka nini kuhusu kutaja chanzo cha mafuta. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Barua ya ofisi moja wanaweza kuiweka kwenye droo. Tunataka iwe na majina ya wazazi, na pakiti za bidhaa nyingi, si hii moja tu.

Ukitaka kushiriki, usitupe ile karatasi uliyoitoa kwenye mkoba. Ilete ofisini, au piga picha uitume kwa ujumbe wa ukurasa huu. Piga mbele na nyuma, kwenye mwanga wa jua, na uhakikishe namba ya bechi na tarehe ya mwisho zinasomeka. Andika umenunua mtaa gani. Jina la duka usiliandike.

Wabillahi tawfiq.