Muache Mikono Yake



Kuna jambo tunaliona msikitini tukiswali Tarawehe. Kijana yuko safu ya nyuma, anapigapiga mikono hewani, au amekunja viganja kifuani, au anayumbayumba. Jirani anamkamata mkono: "Tulia wewe!" Mamake anasikia kule upande wa akina mama. Kesho haji naye.

Jee, unajua ile mikono inafanya nini? Yule kijana ana usonji. Si jambo geni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11, na mmoja wao alikuwa akipishanisha vidole hewani. Mara nyingi mwenyewe hata hatambui kwamba mikono yake iko hivyo. Spika zinavuma, taa ni kali, watu wamebanana. Sisi twavumilia, lakini kwake yeye yote humwingia kwa pamoja, na ule mwendo ndio unaomtuliza. Watu wazima wenye usonji waliyaeleza haya wenyewe katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, na hawakutaka kuzuiwa. Ukimkamata mkono, umemnyang'anya kitulizo chake.

Akijiumiza, kama kujiuma au kujigonga kichwa, hapo msaidie kwa upole. Lakini ikiwa hamdhuru mtu, muache. Mpe nafasi mwisho wa safu, mbali na spika. Na mamake mwambieni: "Kesho pia mje naye."